Siku Kumi Accra, na Belo Moja la Kantamanto

Wanachama wenzangu, mhariri aliniagiza kurasa mbili tatu kuhusu likizo yangu ya Accra: pa kula, pa kulala, pa kupiga picha. Pa kula mtapapata humu. Pa kulala siwezi kuwasaidia, maana nililala kwa bibi yake rafiki yangu, kwenye godoro lililotandikwa sebuleni chini ya feni. Picha zangu nyingi zimetoka na ukungu wa vumbi, na hilo nitalieleza. Lakini kuna jambo moja lililonifuata mpaka nyumbani, nalo linakihusu chama chetu moja kwa moja, kwa hiyo msiruke ukurasa.

Rafiki yangu mnamjua. Ndiye yule Mghana anayekuja kwenye chai yetu ya Alhamisi kwa ajili ya maandazi, halafu anaondoka na "karibu" na "asante" na basi. Amezaliwa Leicester kama mimi. Kwao wanasema Kitwi, naye anakisikia vizuri na kukijibu kwa Kiingereza. Wengi wetu tunaujua ugonjwa huo. Oktoba bibi yake alipiga simu akasema anamtaka Krismasi, kabla hajasahau kila kitu. Rafiki yangu akaniomba nimsindikize. Mimi mama yangu ni wa Tanga, Afrika Magharibi nilikuwa naijua kwa muziki tu. Nikavunja kibubu.

Viza kwa pasi ya Uingereza si bei ndogo, na bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano huingii. (Siku chache baada ya sisi kurudi, tarehe 3 Januari, rais aliyekuwa anaondoka madarakani alitangaza kwamba mwenye pasi ya nchi yoyote ya Afrika ataingia Ghana bila viza. Mama, ambaye bado ameing'ang'ania pasi yake ya Tanzania, alinitumia habari ile kwenye simu bila kuongeza neno.)

Tulitua usiku wa tarehe 19 Desemba 2024. Ndege ilijaa vijana wa Kighana wa London wenye masanduku makubwa kuliko wao. Msimu huo una jina lake, Detty December, na umekua sana tangu 2019, mwaka ambao serikali iliuita Mwaka wa Kurudi kwa kukumbuka miaka 400 tangu Waafrika wa kwanza waliotekwa kufikishwa Virginia. Wamarekani weusi walikuja, watoto wa Waghana wa Ulaya wakaja, na wengi wanaendelea kuja kila Desemba. Kuna matamasha usiku kucha, foleni za magari mpaka saa 9 usiku, na vilabu vya Osu vinavyotaja bei kwa dola. Watu wa mji wanafurahi na kununa kwa wakati mmoja. Mjomba wa rafiki yangu alisema kodi ya nyumba haijui kwamba Desemba imekwisha.

Jina la uwanja wakati ule, Kotoka, lilikuwa somo la historia. Luteni Jenerali Emmanuel Kotoka alikuwa mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya tarehe 24 Februari 1966 yaliyomwondoa Kwame Nkrumah akiwa safarini China. Mwaka uliofuata Kotoka naye aliuawa katika jaribio jingine la mapinduzi, hapo hapo kwenye eneo la uwanja. Kwa hiyo ulikuwa unatua kwenye jina la aliyempindua, kesho yake unapanda gari kwenda kutazama kaburi la aliyepinduliwa. Nilipomuuliza mjomba wanaonaje, aliguna tu, akaongeza sauti ya redio.

Usiku ule ule ndipo yalipoanza mabishano ya jina langu. Bibi yake, ambaye kila mtu anamwita Nana, nilimsalimia kwa mikono miwili na ulimi ukatoa "shikamoo" wenyewe. Rafiki yangu akamtafsiria. Nana akapenda, akaniuliza swali moja: umezaliwa siku gani? Waakan humpa mtoto jina la siku yake. Wa Alhamisi ni Yaw kwa mwanamume na Yaa kwa mwanamke, wa Ijumaa ni Kofi na Afua, wa Jumamosi ni Kwame na Ama, na ndiyo maana Nkrumah ni Kwame. Nikaangalia kalenda ya simu: Alhamisi. Basi Yaa. Nikampigia mama kumpa habari, saa za Ghana na za Leicester wakati wa baridi ni zile zile, na mama akasema la, hapana. "Umezaliwa saa 2 usiku. Isha imeshaadhiniwa. Huo ni usiku wa Ijumaa." Wale ambao kwenu siku inaanza magharibi mnaelewa. Nana aliposikia kwamba kuna watu siku yao inaanza jua likizama, alikaa kimya kidogo, halafu akasema atalifikiria. Kwa siku kumi nzima nikawa Yaa asubuhi na Afua jioni.

Sasa vumbi. Kuanzia Desemba mpaka Februari hivi unavuma upepo mkavu kutoka Sahara, Harmattan. Sisi tuna kaskazi na kusi, ila kaskazi ilileta majahazi, huu unaleta mchanga. Midomo inapasuka, nguo ulizoanika zinarudi na rangi ya udongo, na mchana jua linaning'inia jeupe kama sahani. Chukueni mafuta ya kutosha. Jambo jingine lililonichanganya ni bahari. Mtu wa Tanga anajua bahari iko mashariki na jua linatoka humo. Accra bahari iko kusini, na siku mbili za mwanzo nilipotea kila nilipotoka nje.

Kuzunguka mjini ni kwa trotro. Ni daladala, hakuna namna nyingine ya kusema: kibasi kilichochoka, viti vya kukunja katikati ya njia, maneno ya dini kwenye kioo cha nyuma, na konda, ambaye wao wanamwita "mate", anayening'inia mlangoni akiita "Circ, Circ, Circ!" kwa ajili ya mzunguko mkubwa wa Kwame Nkrumah. Kilichonifurahisha ni majina. Tro ni neno la Kiga la peni tatu, nauli ya zamani. Daladala imetokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi 5. Matatu ya Wakenya imetokana na tatu, yaani senti kumi tatu. Nchi tatu, na kila mahali watu waliliita basi kwa nauli yake. Mpe konda pesa kwa mkono wa kulia. Hilo sikuhitaji kufundishwa, nililelewa kwa makofi juu ya mkono wa kushoto.

Na pesa yenyewe, sedi, jina lake linatokana na neno la Kiakan la kauri, zile simbi zilizokuwa fedha katika sehemu kubwa ya Afrika Magharibi. Mwalimu wetu wa historia alitufundisha muhula uliopita, nikawa nimesahau mpaka nilipoona kauri imechorwa kwenye ukuta wa benki: katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wakipakia shehena za kauri Zanzibar na kuzipeleka Lagos na pwani za jirani kununulia mafuta ya mawese. Walizipeleka nyingi mno, mpaka thamani yake ikaporomoka. Pwani yetu iliwahi kuwapelekea Wamagharibi fedha, na fedha ile ikawaharibikia mkononi. Nilimweleza rafiki yangu ndani ya trotro, akaniambia niache kuomba msamaha kwa niaba ya makombe.

Chakula. Waakye, mtamke "wache", ni wali na maharage vilivyopikwa pamoja na majani ya mtama mpaka vikawa na rangi ya zambarau. Juu yake wanarundika gari la muhogo, tambi, yai la kuchemsha, samaki, na shito, pilipili nyeusi ya dagaa na kamba waliokaushwa. Wanakufungia kwenye jani. Kenkey ni unga wa mahindi uliochachushwa na kuchemshwa ndani ya maganda ya hindi, unaliwa na samaki wa kukaanga na pilipili mbichi iliyosagwa, na ukipenda ugali mchachu utapenda huo. Kelewele ni ndizi mbivu zilizokatwa vipande, zikapakwa tangawizi na pilipili, zikakaangwa, zinauzwa barabarani usiku. Bofrot ni kalimati zilizokua. Fufu haitafunwi, inamezwa, na mimi nilitafuna, na meza nzima iliniona.

Waakye bora niliyokula ilikuwa Nima, mtaa wa Waislamu wenye Wahausa wengi. Mama muuzaji alinisikia nikisema "habari" kwenye simu, akaniuliza kwa Kiingereza kama nasema Kihausa. Kwao ni labari. Basi tukaanza kubadilishana maneno huku foleni ikinung'unika nyuma yetu. Dunia ni duniya. Afya ni lafiya. Akili ni hankali. Alhamisi ni Alhamis. Hatuna undugu wa lugha, ni Kiarabu kilichopita kwetu sote, yeye kwa njia ya jangwa na mimi kwa njia ya bahari. Aliniongezea yai. Nyumbani mama hunisahihisha kila sentensi, na hapa mtu alifurahia neno moja nililolisema bila kukusudia.

Kesho yake nikafanya kosa la kwenda Legon, Chuo Kikuu cha Ghana, nikiwa bado nimevimba kichwa. Pale Kiswahili kinafundishwa tangu zamani, na nilitaka tu kuona mlango wa idara. Chuo kilikuwa karibu kitupu kwa likizo. Kijana mmoja aliyekaa kwenye ngazi akasoma fulana yangu ya chama chetu, akasimama, akasema: "Hujambo dada? U hali gani? Umetoka wapi?" Mghana, hajawahi kufika Afrika Mashariki, Kiswahili safi kama taarifa ya habari. Mimi nikajibu "poa". Akaniuliza swali ambalo alisema linamsumbua: kwa nini tunasema rafiki yangu na si rafiki wangu, ilhali kwenye kitenzi tunasema rafiki amekuja? Nikasema kwa sababu ndivyo ilivyo. Akatabasamu kwa heshima, akanieleza mwenyewe kanuni ya ngeli, pamoja na mama yangu na ndugu yangu, huku nikitikisa kichwa kama ninayekumbuka. Tuliagana kwa kupeana mikono na kuvunja vidole vile wanavyofanya wao. Mkijiuliza kwa nini tangu Januari nahudhuria somo la sarufi la Jumatatu, ndiyo sababu.

Bustani ya Kumbukumbu ya Nkrumah iko pale pale, kwenye uwanja wa zamani wa polo, alipotangaza uhuru usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 1957. Kaburi ni la marumaru na mbele yake maji yanaruka. Alifia Bucharest mwaka 1972, akazikwa kwanza Guinea, kisha kijijini kwao Nkroful, na mwaka 1992 ndipo akaletwa hapa. Lakini kilichonisimamisha ni sanamu iliyovunjwa wakati wa mapinduzi. Haina kichwa. Kichwa chenyewe kimewekwa pembeni juu ya nguzo yake. Kilihifadhiwa na mtu kwa zaidi ya miaka arobaini, kikarudishwa 2009. Sisi tunamjua Nkrumah kwa ukumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ule uliochapwa kwenye noti ya shilingi 500, na kwa ugomvi wake na Mwalimu Nyerere pale Cairo 1964, Nkrumah akitaka serikali moja ya Afrika mara moja na Mwalimu akitaka hatua kwa hatua. Mlinzi wa bustani aliposikia asili yangu ni Tanzania, alisema "Nyerere" na kuninyooshea kidole, kama aliyemkamata mdeni.

Jamestown, mtaa wa zamani wa Waga, niliutaka kuliko kote. Pana mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, pana Ngome ya James ya Waingereza ya mwaka 1673 iliyokuja kuwa gereza na ambamo Nkrumah mwenyewe alifungwa mpaka aliposhinda uchaguzi wa 1951, na pana vibanda vya ndondi, maana mitaa hii ndiyo iliyomtoa Azumah Nelson. Chini ni ufukwe. Mitumbwi ni mirefu, ya rangi, yenye bendera na majina, na haina mabawa ya pembeni kama ngalawa. Tulifika Jumanne, siku ambayo kwa mila ya Waga hakuna anayekwenda baharini, kwa hiyo wavuvi walikuwa wamekaa wanashona nyavu. Sehemu ya makazi ya pale ilibomolewa 2020 kupisha bandari mpya ya uvuvi iliyojengwa kwa msaada wa China. Mzee mmoja alitukataza kupiga picha, tukafunga simu. Haki yake.

Pale ufukweni niliona kitu ambacho nilidhani ni kamba za meli. Vitu virefu, vizito, vya kijivu, vimefukiwa nusu mchangani na kuingia majini. Nikavuta kimoja. Kilikuwa ni mkono wa sweta, umejisokota na mguu wa suruali, na shati, na kitu kingine ambacho hakikutoka. Nikauliza vimetoka wapi. Mvuvi aliyekuwa karibu akaelekeza kidevu mjini, akasema, "Kantamanto."

Nana ananunua kitambaa na nguo za wajukuu Kantamanto, na ana muuzaji wake, mama wa jinzi za kiume ambaye tulimwita Anti. Tulikwenda Ijumaa tarehe 27. Soko liko katikati ya mji karibu na stesheni ya zamani ya reli: maelfu ya vibanda vya mbao, vichochoro vya upana wa mabega mawili, cherehani zinanguruma, watu wanatia rangi upya, wanapiga pasi za makaa, wanashona jinzi mbili kuwa moja. Mitumba wanaiita obroni wawu, nguo za mzungu aliyekufa, kwa kuwa zamani watu walidhani hakuna mwenye akili atakayetoa nguo nzima akiwa hai. Takwimu inayotajwa sana ni nguo milioni 15 kwa wiki zinazopita hapo. Wafanyabiashara wenyewe wanaibishia. Mimi niliona belo moja tu, na hilo naweza kulisimulia.

Belo lina kilo 55 hivi. Lililetwa kichwani na msichana mdogo kuliko mimi. Wanaitwa kayayei, wapagazi, wengi wao wametoka kaskazini mwa nchi. Alilishusha, akapokea pesa yake, akasimama akishika shingo. Anti alikuwa amelinunua kwa mkopo. Belo hununuliwa limefungwa, huruhusiwi kuchungulia, unaona neno "jinzi" na nchi ilikotoka. Neno lilikuwa Uingereza. Anti akasema dua fupi kabla ya kukata ukanda. Nilifikiri ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Tulimsaidia kuhesabu. Suruali 94. Safi, za kuning'iniza mbele, 38. Za kwenda kwa fundi, zipu mbovu au goti lililochanika, 31. Zilizobaki 25 hazikuwa nguo tena. Moja ilikuwa na rangi ya nyumba, moja ilinuka ukungu, moja ilikuwa na damu, na Anti aliikunja haraka ili Nana asiione. Wafanyabiashara wa Gikomba masalio wanayaita fagia, lakini hata fagia hupata mnunuzi. Hizi 25 zingelipiwa ili zitolewe sokoni, au zingeingia mtaroni, na mtaro unaishia ziwa la Korle, na Korle inaishia baharini. Mkono wa sweta.

Kwenye jinzi moja ya zile 38 kulikuwa na kipande cha karatasi kimebanwa kiunoni, paundi 4 kwa kalamu ya bluu, na alama ya duka la hisani. Si duka letu. Niliiangalia mara mbili. Mnajua nafanya kazi kila Jumamosi kwenye duka kama hilo. Nakaa chumba cha nyuma nachambua mifuko ya watu. Nguo isiyouzika wiki chache tunaitia kwenye gunia, gunia linachukuliwa na mtu wa gari anayelipa kwa kilo, na sikuwahi kuuliza gari linakwenda wapi. Na kwa kuwa analipa kwa kilo, doa nalo lina uzito wake. Mara ngapi nimelegea nikatupia humo kitu ambacho nisingempa mbwa alalie? Sikumwambia Anti. Rafiki yangu akamwambia, kwa Kitwi chake kibovu, na kile kibovu kilitosha.

Nilitegemea anikasirikie. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akawa mkali, lakini si kwa nilichodhani. Nilimwuliza kama ingekuwa bora tuache kabisa kuleta. Akasema nimerukwa na akili. Ana watoto watatu shuleni kwa jinzi hizi. Akasema leteni, ila leteni nguo. Maneno yake rafiki yangu aliyatafsiri hivi: mtu akinipa zawadi iliyooza, mimi ndiye ninayelipa mkopo wake. Nikakumbuka habari ya kwetu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana 2016 kuondoa mitumba pole pole, Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya ushuru, na karibu zote zikarudi nyuma isipokuwa Rwanda, ambayo 2018 ikapoteza nafuu yake kwa nguo. Darasani niliandika insha nikiunga mkono Rwanda, nikapata alama nzuri. Bado nadhani sikukosea. Ila insha ile haikuwa na Anti.

Tulirudi Leicester tarehe 29. Usiku wa tarehe 1 Januari 2025 Kantamanto iliungua. Moto uliwaka mpaka asubuhi na kuteketeza sehemu kubwa ya soko, na maelfu ya wafanyabiashara wakapoteza mali. Si mara ya kwanza, liliwahi kuungua 2013 pia. Nana alituma ujumbe wa sauti, nyuma yake redio inasoma habari. Kibanda cha Anti kimekwisha, na mabelo mawili, moja likiwa halijakatwa ukanda. Mkopo haukuungua. Rafiki yangu aliusikiliza ujumbe ule mara tatu jikoni kwetu bwenini, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimjibu bibi yake kwa Kitwi tupu, akikwama, akirudia, lakini hakuingiza Kiingereza.

Tulimtumia Anti tulichonacho kwa MoMo, ambayo ni M-Pesa yao. Hakikuwa kingi. Watu wa soko walianza kujenga upya ndani ya wiki chache, mbao kwa mbao, na mwisho wa Januari Anti akatuma picha: meza, mwavuli, jinzi kumi na moja.

Sasa yetu. Kila Machi chama hiki kinakusanya nguo "kwa ajili ya Afrika". Bango la mwaka jana niliandika mimi, na kosa la tahajia lililomo ni langu. Mwaka jana tulijaza mifuko 23, tukaifunga, tukamkabidhi mtu wa gari, tukapiga picha. Hakuna aliyefungua hata mfuko mmoja. Ninaomba mambo mawili yajadiliwe kabla bango jipya halijachapwa. La kwanza, tukikusanya, tuchambue wenyewe mfuko kwa mfuko, tutoe zile 25 na kuzilipia hapa hapa, na tumwulize mtu wa gari anakwenda wapi. Mimi niko tayari kufundisha kuchambua. La pili, mweka hazina aangalie kama pesa za tamasha la maandazi zinaweza kwenda kwa watu wa Kantamanto wanaojenga vibanda. Najua atasema katiba yetu inasema Afrika Mashariki. Katiba inasema pia "na marafiki wa Kiswahili", na ninamjua mmoja kule Legon anayekiongea kuliko kamati nzima.

Wapo watakaopinga, na wana hoja. Mwenyekiti ameshaniambia kwamba tukianza kuchambua tutapata mifuko mitano badala ya 23 na picha haitapendeza. Njooni mseme.

Mkutano ni Alhamisi saa 12 jioni, chumba kile kile. Wakati huu wa mwaka jua litakuwa limeshazama, kwa hiyo wale wa pwani wauhesabu usiku wa Ijumaa. Nana ametuma uamuzi wake kuhusu jina, na bahasha rafiki yangu ataifungua hapo hapo. Maandazi yatakuwepo.